Umefunga Monita Mpya na Taa ya Onyo Inawaka: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo kwenye Kompyuta ya Mezani

Kosa linalorudiwa sana ni hili. Mtu anafunga monita mpya, anabonyeza kitufe cha kuwasha, kitufe kinapepesa taa ya chungwa au nyekundu, naye anaanza kuhangaika na monita. Anairudisha dukani, anapewa nyingine, na taa bado inapepesa vilevile.

Taa iliyo kwenye kasha haipimi ubora wa monita yako. Inatoa habari za umeme, RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda), kadi ya grafiki (kadi inayotengeneza picha), prosesa au betri iliyo ndani. Monita huhusika kwa njia mbili tu kubwa: kebo yake, au ule usumbufu wa kuifunga, yaani kasha lilivutwa, likageuzwa, likachomolewa umeme, na kitu kikalegea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha pande mbili, kompyuta na monita, na kujua tatizo liko wapi kabla ya kufungua skrubu hata moja. Hapa tunazungumzia zaidi Dell OptiPlex, HP ProDesk na HP EliteDesk, kwa sababu ndizo zilizojaa maofisini, mashuleni na kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Wenye kompyuta za kuunga kipande kwa kipande nao wana sehemu yao.

Jambo moja la lugha. Wengi huita kasha zima "CPU". Humu, CPU ni prosesa, ile chipu iliyo chini ya feni. Sanduku lote tutaliita kasha.

## Vifaa vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota namba 2. OptiPlex na EliteDesk nyingi hufunguka kwa mkono, lakini kadi ya grafiki inaweza kuhitaji skrubu.
- Kebo ya pili ya picha ambayo una hakika inafanya kazi, na monita au TV nyingine ya kujaribia.
- Kebo ya pili ya umeme ya kasha.
- Betri mpya ya CR2032, ile bapa ya mviringo ya volti 3.
- Kifutio cheupe cha penseli kisicho na mchanga, na kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi.
- Tochi, na simu ya kurekodi video.
- Multimita, kama ipo.
- Namba kamili ya modeli. Kwenye Dell tafuta Service Tag, herufi na tarakimu saba kwenye kibandiko cha kasha. Kwenye HP soma kibandiko cha ubavuni au chini.

Usiruke hilo la mwisho. Utaona sababu kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Jua ni taa ipi inayowaka

Kuna taa za aina nne ambazo watu huzichanganya.

Taa ya monita yenyewe. Ikiwa ya chungwa au inapepesa polepole, na skrini imeandika "No Signal", maana yake monita ina umeme lakini haipokei picha. Hilo si onyo la kompyuta. Monita hufanya hivyo hata kompyuta ikiwa imelala tu.

Taa ya kitufe cha kuwashia. Hii ndiyo ya kusomwa kwa makini. Kwenye OptiPlex za kizazi cha 3040 na kuendelea, nyeupe iliyotulia ni hali ya kawaida, nyeupe inayopepesa ni usingizi, na chungwa inayopepesa ni kwamba kompyuta imeshindwa kuwaka ipasavyo. Kwenye HP, nyekundu ndiyo onyo.

Vitaa vya ubao mama, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Kompyuta nyingi za kuunga zina vitaa vinne vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (grafiki) na BOOT (diski ya kuanzia). Ukiwasha, huwaka kimoja baada ya kingine kisha vyote huzima. Kinachobaki kimewaka ndicho kinachoonyesha mahali kompyuta ilipokwama.

Taa ya pawa saplai, nyuma karibu na kebo ya umeme. Ipo kwenye OptiPlex nyingi.

Taa za kijani na chungwa zilizo kwenye tundu la kebo ya mtandao si onyo. Wala ile inayochezacheza ya diski.

Rekodi video ya taa kwa sekunde 30 tangu unapobonyeza kitufe, sauti ikiwemo. Macho huhesabu vibaya, video hairudi nyuma kwa maneno yake.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa sentensi moja taa ipo wapi, ina rangi gani, na imetulia au inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika.

## Hatua ya 2: Chomoa umeme wa kasha, kisha tazama kama taa inakufa

Hatua hii huchukua dakika mbili, na karibu kila mtu huiruka.

1. Zima kompyuta. Ikiwa imeganda, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10.
2. Chomoa kebo ya umeme ya kasha. Acha monita ikiwa imewashwa na kebo ya picha ikiwa imechomekwa pande zote mbili.
3. Shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 20. Hii humaliza umeme uliobaki ndani.
4. Subiri dakika moja, kisha tazama kitufe, na umulike ndani kupitia matundu ya hewa.

Kasha halina umeme, hivyo taa zote zinapaswa kufa. Ikiwa kuna taa bado inawaka, hata kwa mwanga hafifu, au feni inashtuka kidogo, basi umeme unaingia kutoka kwenye monita.

Sababu kubwa ni kebo mbovu ya DisplayPort (DP), aina ya kebo ya picha kama HDMI. Pini ya 20 kwenye tundu la DisplayPort hubeba volti 3.3 kwa ajili ya adapta. Kebo ya kawaida iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni haiunganishi pini hiyo upande mmoja na mwingine. Baadhi ya kebo za bei ya chini huunganisha. Matokeo yake monita inalisha ubao mama kwa mlango wa nyuma. Ubao unabaki nusu macho, na ukibonyeza kitufe haujiwashi upya kutoka mwanzo: unapepesa onyo, feni inazunguka mara moja na kusimama, au hakuna chochote kinachotokea.

Mshukiwa wa pili ni kebo ya USB inayotoka kwenye monita yenye matundu ya USB. Baadhi ya monita hurudisha volti 5 kwenye kompyuta.

Chomoa kebo ya picha kwanza, tazama. Kisha ya USB, tazama. Ile ambayo taa inazima unapoichomoa ndiyo yenye kosa.

Onyo: kebo ya DisplayPort iliyoonyesha tabia hii usimpe mtu mwingine wala usiiweke akiba. Ikate uitupe. Inaweza kuharibu kadi ya grafiki ya atakayeitumia baada yako.

Umefaulu kama: taa zote zinakufa ndani ya dakika moja, monita ikiwa bado imeunganishwa.

## Hatua ya 3: Washa kompyuta bila monita

Chomoa kila kitu nyuma ya kasha: kebo ya picha, USB ya monita, printa, flashi, spika. Bakiza kibodi pekee. Rudisha umeme moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni, kisha washa.

Subiri dakika mbili. Kompyuta mpya zenye RAM ya DDR5 zinaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza baada ya kukatiwa umeme, kwa sababu zinapima RAM upya. Usizizime katikati.

Sasa bonyeza Num Lock kwenye kibodi mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta iko hai, imepita ukaguzi wake wa mwanzo, hata kama huoni picha. Ikiwa haijibu kabisa, kompyuta imekwama.

Wenye ubao wa kuunga wazingatie hili: baadhi ya mbao huacha kitaa cha VGA kikiwaka kwa sababu tu hakuna monita iliyounganishwa. Kwa hiyo katika hatua hii msiamini kitaa cha VGA. Iaminini Num Lock.

Hapa njia zinagawanyika:

- Taa ya onyo imetoweka na Num Lock inajibu: kasha ni zima. Fuata hatua ya 4, 5 na 6.
- Taa bado ipo, au Num Lock haijibu: monita haina hatia. Ruka hadi hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Sahihisha umeme na ethi kabla ya kuchomeka tena

Pawa saplai ya kompyuta ina vichujio vinavyounganisha umeme wa ukutani na bati la kasha kupitia kapasita ndogo. Ethi, yaani waya wa ardhini, ikiwepo, kiasi hicho kidogo huishia ardhini. Ethi isipokuwepo, bati hubaki na takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana ukigusa skrubu ya kasha unahisi mtekenyo tu.

Wewe unahisi mtekenyo. Tundu la HDMI halina ngozi ya kulikinga. Ukiunganisha kasha lisilo na ethi na TV iliyofungwa kwenye dishi, au na monita yenye ethi, tofauti hiyo ya volti hupita kwenye pini za kebo, na chipu ya picha inaweza kuungua papo hapo. Matundu mengi ya HDMI yanayosemwa "yamekufa yenyewe" yalikufa hivi, kwenye nyumba ambazo pini ya tatu ya plagi imekatwa ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili.

Fanya hivi:

1. Kasha na monita zichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu, iliyochomekwa kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Usitumie adapta ya plagi inayoacha ethi nje.
2. Ukihisi mtekenyo kwenye kasha hata kwa plagi ya pini tatu, ethi ya ukutani haifanyi kazi. Hiyo ni kazi ya fundi umeme. Usiingize multimita kwenye soketi kama hujazoea.
3. Pasi, birika la umeme na friji visikae kwenye ekstensheni hiyo. Monita ya inchi 24 hula takriban wati 20 hadi 30, hivyo yenyewe haiwezi kuilemea. Kinacholeta shida ni ekstensheni iliyolegea, inayotoa cheche ukiitikisa. Hiyo badilisha.
4. Kebo ya picha ichomekwe vifaa vyote viwili vikiwa vimezimwa kwenye soketi.

Umefaulu kama: hakuna mtekenyo, na hakuna mlio wa kutatarika unapogusa plagi.

## Hatua ya 5: Chomeka kwenye tundu sahihi

Kasha lenye kadi ya grafiki lina makundi mawili ya matundu ya picha nyuma. Kundi la kwanza liko pamoja na matundu ya USB na mtandao, hilo ni la ubao mama. La pili liko peke yake kwenye kipande cha chuma cha kadi. Kadi ikiwepo, mashine nyingi huzima matundu ya ubao mama zenyewe. Chomeka kwenye kadi.

Kosa la kinyume nalo lipo. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-10400F na i3-12100F, hazina grafiki ndani yake. Ryzen 5 3600 na 5600 pia hazina. Kwenye mashine kama hizo tundu la HDMI la ubao mama halitatoa picha kamwe, na kadi ya grafiki ikilegea, kitaa cha VGA kitawaka.

Kisha chagua chanzo kwenye monita kwa vitufe vyake: HDMI 1, HDMI 2 au DP. Monita mpya mara nyingi hujitafutia, lakini si zote.

## Hatua ya 6: Pima kebo, adapta na uwezo wa picha

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Kebo kwanza, tundu pili, monita tatu.

Adapta zina mwelekeo. Adapta ndogo ya DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi kompyuta ikiwa upande wa DisplayPort pekee. Ukiigeuza, kompyuta yenye HDMI na monita yenye DisplayPort, hutapata chochote. Hapo unahitaji kigeuzi chenye saketi ndani, na kwa kawaida huwa na kebo ya USB ya kuchukulia umeme. HDMI kwenda VGA nayo huhitaji kigeuzi chenye saketi, maana HDMI ni dijitali na VGA ni analogia. Waya mtupu wenye ncha za HDMI na VGA, usio na chipu, hautafanya kazi kwenye kompyuta yoyote ya kawaida.

Kebo ya DisplayPort ichomekwe hadi isikike "tik". Ncha nyingi zina meno mawili ya kushikilia. Unapochomoa, bonyeza kitufe cha juu ya ncha. Ukivuta kwa nguvu utang'oa tundu pamoja nayo.

Kompyuta inaganda au kiza kimetanda hadi Windows ifunguke? Kadi za zamani za NVIDIA, zikiwemo za mfululizo wa GTX 900 na GTX 1000, zilikuwa na hitilafu hii zikiunganishwa kwa DisplayPort na monita za toleo la 1.3 au 1.4. NVIDIA ilitoa programu ya kusasisha kadi hizo mwaka 2018. Unganisha monita kwa HDMI au DVI kwa muda, pakua programu hiyo kwenye tovuti yao, iendeshe, kisha rudi kwenye DisplayPort. Umeme usikatike wakati inaendeshwa, hivyo tumia UPS au subiri saa ambazo umeme wa eneo lako hutulia.

Picha inatokea ya nembo kisha inapotea Windows ikifunguka? Windows inalazimisha kipimo ambacho kebo au tundu halikiwezi. HDMI 1.4 hubeba 4K kwa Hz 30 tu. Unganisha monita ya zamani, shusha kipimo hadi 1920 kwa 1080 kwa Hz 60, kisha badilisha monita.

Monita yenye USB iunganishe USB yake mwisho kabisa. Ikiwa kitaa cha BOOT kinawaka USB ikiwepo na kuzima ikitolewa, angalia kama kuna flashi au kisoma kadi kwenye monita ambacho kompyuta inajaribu kuanzia. Ingia BIOS, ile programu ya msingi ya ubao mama inayofanya kazi kabla ya Windows, weka diski yako iwe ya kwanza.

Umefaulu kama: taa ya kasha ni nyeupe na imetulia, nembo ya kiwanda inaonekana, na taa ya monita imebadilika rangi. Nenda hatua ya 12.

## Hatua ya 7: Soma mipepeso

Umefika hapa kwa sababu onyo linabaki hata bila monita. Rudi kwenye video yako uhesabu.

HP za zamani, mfano Compaq 8000 na Elite 8300. Taa nyekundu hupepesa mara moja kila sekunde, kisha hupumzika sekunde mbili. Mlio huenda sambamba nayo, nao hunyamaza baada ya mizunguko mitano, ila taa huendelea.

- 2: prosesa imepata joto kupita kiasi
- 3: prosesa haipo au haijakaa
- 4: umeme, pawa saplai imelemewa
- 5: RAM
- 6: grafiki
- 7: ubao mama
- 8: BIOS imeharibika

HP za karibuni, kama EliteDesk 800 G3. Mipepeso mirefu ni myekundu, mifupi ni myeupe. Nyekundu 3 na nyeupe 2 ni RAM. 3 na 3 ni grafiki. 3 na 4 ni umeme. 3 na 5 ni prosesa kutoonekana. Zinazoanza na nyekundu 2 zinahusu BIOS.

Dell OptiPlex. Chungwa hupepesa kwa makundi mawili, kwa mfano 2, pumziko fupi, kisha 4. Hapa ndipo namba ya modeli inapookoa pesa zako. Kwenye OptiPlex 7050, 2 na 4 ni betri ya saa. Kwenye OptiPlex 7060, ambayo kwa nje hufanana nayo sana, 2 na 4 ni RAM. Mtu akikupa orodha ya mipepeso bila kuuliza modeli, iache. Ingiza Service Tag yako kwenye tovuti ya Dell, fungua mwongozo wa mashine hiyo hasa.

Ubao wa kuunga. Kitaa cha DRAM, nenda hatua ya 8. VGA, hatua ya 9. BOOT, kagua kebo ya diski. CPU, kagua kwanza plagi ya umeme ya pini 8 iliyo kona ya juu ya ubao. Mara nyingi huwa imelegea kwa kasha kuvutwa.

## Hatua ya 8: Toa RAM na uirudishe

Kasha likilazwa, likiburutwa au kugongwa mezani, RAM ndiyo ya kwanza kupoteza mguso. Kwa mashine za mtumba, zilizokusanya vumbi miaka, hii ndiyo suluhisho la visa vingi.

1. Chomoa umeme. Shikilia kitufe sekunde 20. Laza kasha.
2. Gusa bati tupu la kasha kwa mkono, ili umeme tuli wa mwili wako utoke. Usifanyie kazi juu ya zulia.
3. Fungua vishikizo vya pembeni, toa RAM zote.
4. Sugua meno ya dhahabu kwa kifutio, taratibu, kwa mwelekeo mmoja kutoka juu kwenda kwenye ncha. Futa chembe kwa kitambaa kikavu. Usitumie maji, mate wala sandapepa.
5. Rudisha kipande kimoja tu, kwenye tundu ambalo ubao au mwongozo umeliandika la kwanza. Sukuma pande zote mbili hadi vishikizo vijifunge.
6. Washa. Ikikataa, jaribu kipande kingine kwenye tundu lilelile. Kisha kipande kizima kwenye matundu mengine.

Kipande kikikataa kila tundu, RAM ni mbovu. Tundu likikataa kila kipande, tundu ni bovu, na unaweza kuendelea kutumia lililobaki.

Onyo: RAM ina pengo lisilo katikati. Ikikataa kuingia, igeuze. Usiilazimishe.

## Hatua ya 9: Kadi ya grafiki

Itoe kabisa ikiwa prosesa yako ina grafiki yake, unganisha monita kwenye ubao mama, washa. Onyo likiisha, kadi au umeme wake ndiyo shida.

Ilipolegea huwa imeinama upande wa nyuma, ncha moja imetoka kwenye tundu. Kebo nene ya monita mpya huivuta chini. Irudishe hadi kishikizo cha tundu kijifunge, kaza skrubu yake, na uache kebo ya picha ikiwa na ulegevu nyuma ya meza.

Kadi yenye tundu la umeme juu yake lazima ipate plagi hiyo. Tundu la ubao hutoa hadi wati 75 pekee. Plagi ya pini 6 huongeza 75 na ya pini 8 huongeza 150. Kasha dogo la OptiPlex 7050 lina pawa saplai ya wati 180 kwa mashine nzima. Ukiwa umenunua kadi kubwa ili iendeshe monita mpya, hesabu hapa kwanza. Onyo la umeme litakuja hata kama kila kitu kimechomekwa vizuri.

## Hatua ya 10: Betri ya saa

Betri hii hutunza saa na mipangilio ya BIOS kompyuta ikiwa imechomolewa. Ikiwa imekwisha, hutajua siku zote ambazo plagi iko ukutani. Siku unayochomoa kasha ili kupanga meza ya monita mpya, mipangilio hupotea, na onyo hutokea. Monita inalaumiwa kwa kosa la betri ya miaka sita.

Pima kwa multimita: nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo. Chini ya 2.8, badilisha. Upande wenye alama ya kujumlisha utazame juu, au nje kwenye kishikizo cha wima. Iache nje dakika tano kabla ya kuweka mpya ili BIOS ijisafishe, kisha ingia BIOS uweke saa na tarehe.

Onyo: ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, Windows inaweza kudai ufunguo wa urejeshaji baada ya BIOS kusafishwa. Utafute kabla ya kutoa betri.

## Hatua ya 11: Pawa saplai

Kwenye OptiPlex yenye kitufe kidogo nyuma ya pawa saplai, chomeka umeme ukibonyeze. Taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai imefaulu jaribio lake. Isipowaka, zima, chomoa plagi zake zote ndani ya kasha, jaribu tena. Ikiwaka sasa, kuna kifaa ndani kinachoivuta chini: rudisha plagi moja moja hadi ukipate. Ikikataa hata ikiwa peke yake, imekufa.

Kabla ya kununua nyingine, tazama plagi kuu. Nyingi ya OptiPlex na HP hizi hutumia plagi zenye pini chache kuliko 24 za pawa saplai za kawaida. Nunua ya modeli hiyohiyo.

Onyo: usifungue boksi la pawa saplai. Kapasita zake hubaki na volti za kuua hata baada ya kuchomolewa.

## Hatua ya 12: Rudisha monita na uthibitishe

Vyote vikiwa vimezimwa kwenye soketi, chomeka kebo ya picha pande zote mbili. Washa soketi, washa monita, kisha kasha. USB ya monita ichomekwe baada ya Windows kufunguka.

Usiridhike na mara moja. Zima na uwashe mara tatu. Kisha ilaze kompyuta dakika kumi na uiamshe. Mwisho, zima, chomoa umeme wa kasha dakika tano, rudisha, washa. Hilo la mwisho ndilo linalofichua betri ya saa na kebo inayorudisha umeme.

Onyo likirudi bado, peleka kwa fundi kasha pamoja na kebo yako ya picha na video uliyorekodi, na umtajie modeli, idadi ya mipepeso, Num Lock ilijibu au la bila monita, na vipande vya RAM ulivyojaribu kwenye tundu lipi.